Mita Mia Moja Mbele ya Shule

Greda likipita kwenye barabara ya Lumuma, kila mtu hufurahi. Mkulima anajua magunia yake ya vitunguu yatafika sokoni kabla hayajaanza kuoza. Dereva wa fuso anajua springi zitapumzika. Mama mjamzito anajua safari ya hospitali haitamtesa kama ya mwezi uliopita. Furaha hiyo ni halali kabisa. Lakini siku zinazofuata baada ya greda ndizo siku ambazo mwalimu mkuu na wazazi wanatakiwa kuwa macho kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mashimo yaliyokuwa yakiwapunguzia madereva mwendo mbele ya shule yamefukiwa, na hakuna kilichowekwa badala yake.

Nina jambo moja la kuwaambia wazazi, walimu na viongozi wa vijiji vya bonde la Lumuma. Kazi ya kumlinda mtoto njiani ianze na barabara yenyewe, ije kwa watu wazima wanaoitumia, na mtoto awe wa mwisho kudaiwa. Kwa kawaida tunafanya kinyume. Ajali ikitokea, wanafunzi wanapangwa mstarini asubuhi, wanaambiwa watazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, na shauri linaishia hapo. Barabara imebaki ileile, magari ni yaleyale, na mwendo ni uleule.

Lumuma iko upande wa magharibi wa Wilaya ya Kilosa, bondeni kati ya milima, mpakani na Mpwapwa ya Dodoma. Maji ya mto yameligeuza bonde kuwa la umwagiliaji, na jina la Lumuma sokoni linakwenda pamoja na vitunguu. Kwa hiyo barabara inayopita mbele ya shule ndiyo hiyohiyo inayobeba mavuno. Msimu ukifika yanaongezeka mafuso, makenta, pawatila zisizo na taa, mikokoteni, na bodaboda zinazowahi abiria wa gulio. Ushauri mwingi wa usalama barabarani unaoandikwa ni wa mjini: taa za kuongozea magari, zebra, kamera, askari wa trafiki kwenye makutano. Mzazi wa Lumuma akiusoma anaona haumhusu, anaufunika. Ninayoyaandika hapa nimeyachagua kwa sababu yanaweza kufanyika kwenye barabara ya vumbi, na mengi yanaanza kabla fedha za serikali hazijafika.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Wa darasa la kwanza ana miaka sita au saba. Akisimama karibu na bampa la mbele la fuso, dereva aliyekaa kule juu hamwoni hata kidogo. Macho ya mtoto huyo yanaliona gari likiwa mbali, ila akili yake bado haijakomaa kupima linakuja kwa kasi gani na litafika baada ya muda gani. Uwezo huo hukua polepole, na kabla ya miaka tisa au kumi si wa kutegemewa hata kwa mtoto mwerevu anayeongoza darasani. Ukimwita kutoka ng'ambo ya barabara atakukimbilia wewe, gari atalisahau. Mpira ukivuka, naye atavuka. Kumfundisha ni wajibu wetu na nitafika huko, ila mafunzo hayawezi kuongeza umri.

Sasa tazama upande wa gari. Linalokwenda kilomita 30 kwa saa linapita mita 8 na ushee kila sekunde. Linalokwenda 60 linapita karibu mita 17. Dereva aliye makini anahitaji kama sekunde moja kumwona mtoto, kuamua, na kukanyaga breki, kwa hiyo lile la 60 limeshatembea mita 17 kabla breki hazijaanza kushika. Baada ya hapo ndipo unaanza umbali wa kusimama, na umbali huo una tabia ya kutisha: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne. Kwenye changarawe iliyolegea hali ni mbaya zaidi kuliko kwenye lami, na fuso lililopakiwa lumbesa hadi juu halisimami kama gari tupu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Mbele ya shule hata 50 ni nyingi. Mawaziri wa nchi mbalimbali waliokutana Stockholm mwezi Februari 2020 walitamka kwamba pale watu na magari wanapochangamana mwendo usizidi kilomita 30. Mtu akigongwa kwa mwendo huo ana nafasi kubwa ya kupona, na nafasi hiyo inapungua haraka kila mwendo unapopanda.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2023, limeeleza kwamba ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Taifa letu linakumbuka tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi kutoka Arusha lilipotumbukia korongoni Rhotia, Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Nchi nzima ililia, na ilistahili kulia. Lakini watoto wetu wengi hawafi 32 kwa siku moja. Anakufa mmoja wilaya hii, wiki nyingine mmoja wilaya ile, mwingine anavunjika mguu na kuacha shule, na habari haivuki kata. Kwa sababu wanaondoka mmoja mmoja, hakuna anayeitisha kikao.

Watu huniuliza kama kweli kuna kinachoweza kubadilika pasipo fedha nyingi. Kipo, na ushahidi umetoka hapahapa nchini. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend liliziendea shule za msingi moja baada ya nyingine, likauliza watoto wanatoka wapi, wanavukia wapi, na nani aliumia wapi. Baada ya hapo ndipo likarekebisha: matuta, njia za waenda kwa miguu, vivuko, alama, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni, na kwenye baadhi ya shule geti lilihamishwa kutoka upande wa barabara yenye magari mengi. Watafiti walipolinganisha maeneo yaliyorekebishwa na yasiyorekebishwa, majeraha ya watoto yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26. Programu hiyo ilishinda Tuzo ya Ross ya Miji mwaka 2019, ikishindana na miradi mikubwa ya miji ya dunia. Kilichonivutia si tuzo. Kilichonivutia ni kwamba walianza kwa kuuliza na kupima, na vifaa walivyotumia ni vitu ambavyo fundi yeyote wa wilayani anavifahamu.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Barabara kuu iendayo Zambia inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi katikati, kilomita 50 hivi. Dereva wa lori akiingia hifadhini anakutana na vibao vya mwendo, matuta, na vibao vinavyotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa. Hapo anashusha gia. Swala hawezi kufundishwa kutazama kulia na kushoto, kwa hiyo barabara na sheria zikarekebishwa zimfae yeye. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote, kwani wanyama hao ni urithi wetu. Ninachodai ni kwamba fikra hiyohiyo itoke nje ya hifadhi, iende hadi kwenye mageti ya shule za Mikumi mjini, za Kilosa ambako lami imefika kutokea Dumila, na za Lumuma ambako lami bado.

Kazi ya kwanza ni kupima, maana mkutano usio na takwimu huishia kwenye kurushiana lawama. Chukua kamba, pima mita 50 kando ya barabara mbele ya shule, simika mti mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni. Wazazi wawili wakae pembeni salama na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, asubuhi watoto wanapoingia na mchana wanapotoka. Gari likitumia sekunde 6 kutoka mti hadi mti, mwendo wake ni kilomita 30 kwa saa. Likitumia sekunde 4 ni 45. Likitumia 3 ni 60, na chini ya hapo huna haja ya hesabu. Andika kwenye daftari: saa, aina ya chombo, sekunde. Fanya hivyo siku ya kawaida, siku ya gulio, na siku ambayo vitunguu vinapakiwa. Msiandike namba za magari wala kuzozana na dereva yeyote, kwani kazi ya siku hizo ni kujua ukweli tu.

Kurasa nyingine za daftari hilo ziwe za watoto. Mwalimu wa kila darasa awaulize: nani amewahi kugongwa au kukoswakoswa, ilikuwa wapi, saa ngapi, na chombo gani? Wachore njia zao za kutoka nyumbani. Utashangaa jinsi michoro ya watoto wasiokaa mtaa mmoja inavyoonyesha sehemu zilezile mbili au tatu. Kwenye kona fulani mahindi yameota hadi ukingoni mwa barabara. Kwenye kalavati fulani njia ni nyembamba, na mtoto akikutana na fuso hana pa kujibanza. Mbele ya duka fulani magari hupaki pande zote mbili. Sehemu hizo ndizo za kuanzia, na hazihitaji mtaalamu kutoka mkoani kuzitambua.

Halafu simama getini. Nenda hapo dakika chache kabla ya kengele ya kutokea, utazame kwa utulivu. Mara nyingi utamwona mama anayeuza barafu, ubuyu na mihogo ya kukaanga ametandika ng'ambo ya pili, penye kivuli cha mwembe. Kengele ikilia, mtoto mwenye sarafu mkononi haangalii kingine. Anaangalia ndoo ya barafu na anajua zikiisha zimeisha. Mama huyo hana kosa. Anatafuta riziki, na kivuli ni kile. Kamati ya shule ikae naye kwa heshima, imjengee kibanda kidogo cha makuti au nyasi upande wa shule, ndani kidogo ya uzio, na biashara yake iendelee. Kwa kuhamisha ndoo moja ya barafu mmeondoa sababu kubwa ya watoto kuvuka mbio. Katika yote ninayoyashauri hapa, hili ndilo rahisi kuliko yote, na mara nyingi ndilo linalosahaulika.

Geti lenyewe lina maneno yake. Kama linafunguka moja kwa moja barabarani, watoto mia kadhaa wanamwagika kwenye njia ya magari kwa pigo moja la kengele. Ikiwezekana lihamie upande wa njia ya kijijini. Isipowezekana, lirudishwe ndani mita chache ili pawe na uwanja wa kusubiria, na mbele yake pasimikwe nguzo za miti zinazomlazimisha mtoto kugeuka kabla ya kufika barabarani, maana mtoto anayegeuka hapiti mbio. Ua wa michongoma au minyaa unaweza kuwaelekeza watoto wote kwenye sehemu moja ya kuvukia. Ua huo ukatwe mara kwa mara usizidi kimo cha goti karibu na sehemu hiyo, la sivyo utakuwa umemficha mtoto yuleyule uliyetaka kumlinda. Na yule mwenye shamba la kwenye kona aombwe mistari michache ya ukingoni apande maharage au vitunguu badala ya mahindi. Hapotezi ardhi, na dereva anaona mbali.

Kuhusu upakiaji wa vitunguu, hapa nataka kusema wazi ingawa najua nagusa mfuko wa watu. Fuso lililopaki mbele ya shule likisubiri magunia ni ukuta. Mtoto anatokea nyuma yake, bodaboda inalipita kwa upande wa pili, na hakuna aliyemwona mwenzake hadi wakati umepita. Isitoshe, vibarua wana haraka, dereva anarudi kinyumenyume bila utingo wa kumwelekeza, na watoto wanapenda kusogea kutazama. Serikali ya kijiji itenge mahali pa kupakia palipo mbali na shule na zahanati, na dalali anayeleta magari aambiwe masharti hayo kabla gari halijaondoka kwao. Kama mahali pengine hapapatikani kabisa, basi pasipakiwe nusu saa kabla na nusu saa baada ya watoto kuingia na kutoka. Vitunguu vinaweza kusubiri saa moja.

Vumbi nalo lina hatari yake, ambayo vitabu vya mjini havina nafasi ya kuitaja. Kiangazi fuso likishapita, wingu la vumbi linabaki limetanda sekunde nyingi. Mtoto aliyelisubiri gari lipite, kama alivyofundishwa, anaona limepita, anaingia barabarani. Ndani ya vumbi lile kuna bodaboda inayolifuata fuso kwa karibu, na mwendeshaji wake haoni mita 10 mbele. Kwa hiyo sentensi ya kumfundisha mtoto wa Lumuma iwe hii: gari likipita, subiri vumbi litue, ndipo utazame. Irudieni shuleni na nyumbani mpaka mtoto aiseme mwenyewe. Wenye bodaboda nao waambiwe kwenye vijiwe vyao wasilifuate fuso ndani ya vumbi karibu na shule.

Sasa nimefika kwenye suala la bodaboda, na sipendi zinavyosemwa kama adui wa jamii. Ndizo zinazowapeleka wagonjwa usiku, na vijana wanaoziendesha ni kaka na wajomba wa watoto haohao. Lakini mishikaki ya watoto watatu au wanne kwenye pikipiki moja, mdogo kuliko wote akiwa amekalia tenki, tumeizoea kupita kiasi. Kanuni za usafirishaji kwa pikipiki hazimruhusu mtoto wa chini ya miaka tisa kupandishwa kama abiria. Mzazi anayemkodia mwanawe pikipiki ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuijua kanuni hiyo. Kwa mtoto aliyevuka umri huo, abiria awe mmoja, miguu yake ifike kwenye vikanyagio, na avae helmeti inayomtosha, kwa kuwa ya mtu mzima inamzunguka kichwani bila kumkinga. Mama anayeziona pikipiki zikibeba watoto wa jirani asinyamaze, aseme: "Mwanangu, huyu mdogo wako hajafikisha umri, mshushe nitamsindikiza mwenyewe." Kauli ya namna hiyo kutoka kwa mtu mzima wa mtaani ina uzito ambao faini haina. Kijiwe chenye mwenyekiti wake kinaweza pia kukubaliana mwendo wa mbele ya shule na kumsimamisha kazi siku kadhaa mwanachama anayekiuka. Vijana wanaheshimu makubaliano waliyoyafanya wao wenyewe.

Walimu nao nina ombi kwao. Mtoto anayetoka nyumbani giza halijaisha ili awahi namba, akijua kwamba akichelewa atachapwa, atakimbia. Atavuka bila kutazama kwa sababu anaogopa fimbo iliyo karibu kuliko gari asiloliona. Uchelewaji ushughulikiwe kwa kumwita mzazi, na shule iliyo kando ya barabara yenye magari ifikirie upya saa ya usafi wa asubuhi kwa madarasa ya chini. Wakati wa kutoka, awali na darasa la kwanza watangulie wakiwa na mwalimu wa zamu, wengine wafuate kwa zamu, na wanaoelekea mtaa mmoja waondoke kikundi pamoja na mkubwa wa darasa la sita au la saba aliyekabidhiwa wadogo kwa majina. Mkubwa huyo asisimame katikati ya barabara kuzuia magari. Hiyo ni kazi ya mtu mzima mwenye kizibao kinachong'aa na bendera au kibao cha kusimamisha, aliyeelekezwa na polisi kata. Wazazi wakigawana zamu, kila mmoja anapata siku chache tu kwa muhula.

Sweta za shule ni za rangi iliyokoza na zinafunika shati jeupe, ndiyo maana alfajiri mtoto hugeuka kivuli. Kipande cha mkanda unaong'aa kikishonwa mgongoni mwa mkoba, taa ya pikipiki inakiona kutoka mbali. Fundi cherehani wa kijijini anaweza kushona mikoba ya darasa zima kwa asubuhi moja.

Sasa tuta. Najua baadhi ya vijiji, kwa uchungu baada ya ajali, vimechimba barabara au kulaza gogo usiku. Nauelewa uchungu huo, ila msifanye. Tuta lisilo na alama wala vipimo linamwangusha mwendesha pikipiki usiku, linavunja gari la wagonjwa, na linawaweka matatani na sheria. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na zile kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, hivyo jambo la kwanza ni kumuuliza mtendaji wa kata barabara yenu iko kwa nani. Barua iandikwe na kamati ya shule, ipitie serikali ya kijiji na kata, iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kwa diwani. Iombe mambo machache yaliyotajwa kwa majina: matuta kabla na baada ya geti, rasta za kumwamsha dereva kabla hajafika kwenye tuta, vibao vya shule pande zote mbili, na njia ya miguu pembeni, nje ya mtaro. Kwenye barabara ya udongo tuta hulika upesi, kwa hiyo ombeni lijengwe kwa mawe na zege, na dereva wa greda apewe maelekezo asilikwangue. Kwenye kalavati nyembamba ombeni kivuko cha miguu pembeni, hata cha mbao kwa kuanzia, kwa sababu masika mto ukijaa watoto hawana njia nyingine.

Ambatanisheni daftari. Meneja anapokea barua nyingi zinazosema barabara ni hatari, zote kwa maneno yaleyale. Barua yenye jedwali la sekunde za kila gari, mchoro wa watoto, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji inampa hoja ya kuipeleka mbele. Na muda una maana kubwa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mipango inakusanywa miezi mingi kabla yake. Barua inayofika Juni imechelewa mwaka mzima. Iandikeni mara baada ya mavuno, maombi ya bajeti yakiwa bado yanapokelewa, na diwani aombwe kulisemea kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kwenye baraza la madiwani.

Wakati barua iko njiani, kijiji kina mamlaka yake. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikazijadili kwenye mkutano mkuu, na kuzipeleka halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Humo mnaweza kuweka masharti kuhusu mahali pa kupakia magunia, kupaki mbele ya shule, mifugo kutopitishwa barabarani saa za watoto kuingia na kutoka, na vibanda vya biashara. Mwendo wa magari tayari una sheria ya nchi, na anayeisimamia ni polisi. Mwombeni afike siku mbili za mwanzo wa msimu wa vitunguu, maana madereva hupeana habari wenyewe kwa wenyewe, na wakijua mbele ya shule ile hapapitwi mbio, habari itafika hadi kwa wale wasiowahi kuja.

Shule iwe pia na utaratibu wa siku mbaya. Mtoto akigongwa asinyanyuliwe mikono na miguu na kutupwa kwenye kenta. Asiguswe shingo wala mgongo ila na anayejua, damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi, magari yasimamishwe pande zote mbili, na polisi wapigiwe 112. Mtu mmoja apewe kazi ya kukaa na mtoto, mwingine ya kumwita mzazi. Dereva akisimama asipigwe, maana madereva wakijua watapigwa hawatasimama, na mara nyingi gari lake ndilo la haraka kumfikisha mtoto hospitali. Fomu ya polisi namba tatu itafutwe mapema na mtu wa tatu, huku matibabu ya dharura yakiwa yameshaanza.

Matuta yakishajengwa, rudini na kamba, miti yenu miwili na saa ya simu. Pimeni tena mahali palepale, saa zilezile, siku ya gulio na siku ya kupakia. Kama sekunde zimepanda kutoka 3 hadi 6, waandikieni TARURA barua fupi ya shukrani yenye takwimu hizo. Shule ya kijiji jirani itaitumia kuomba tuta lake. Kama hazijapanda, au masika yamelichukua tuta, au greda limelikwangua, barua ya pili iandikwe wiki hiyohiyo, ikitaja Kumb. Na. ya ile ya kwanza, na daftari liambatanishwe upya.